Silikanti wananaswa Tanga, upande wa Pemba kimya. Kwa nini?

#1 Chubwi Zito
Salaam wanajukwaa. Tokea 2004 majarife (nyavu za papa) ya Tanga, Kigombe na Mwarongo hasa, yamekuwa yakipandisha silikanti, yule samaki wa kale (coelacanth) aliyedhaniwa katoweka, mmoja baada ya mwengine, mpaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti kule, kilomita za mraba 552. Vuka Mkondo wa Pemba, kilomita 50 hivi, uko Pemba. Ukuta wetu wa magharibi unazama haraka, katikati ya mkondo kina kinafika mita 800, na maji ni hayohayo. Lakini taarifa za Pemba hazipo. Dai langu: samaki yupo, chombo cha kumnasa ndicho hatuna. Tanga wanatega jarife chini usiku, sisi mshipi, dema na nyavu za juu. Anayebisha aje na hoja.

#2 Binti Wete
Nabisha. Komoro, tokea yule silikanti wa 1952 wa kisiwa cha Anjouan, karibu wote wamepatikana kwa mshipi, si wavu. Wavuvi wanatafuta Ruvettus, yule samaki wa mafuta wanaemwita nesa, na silikanti anakuja kwa bahati mbaya. Mshipi wanaushusha kwa jiwe: jiwe linafungwa fundo la kuteleza karibu na ndoana, likigusa chini mvuvi anavuta kwa ghafla, jiwe linaachia, chambo kinabaki kinaelea juu kidogo ya mwamba. Ngalawa na mikono mitupu, basi. Kwa hiyo "Pemba hawana jarife" si jawabu. Pemba mishipi imejaa.

#3 Maleleji
Mishipi imejaa, ila inafika wapi? Chukua mshipi wa plastiki wa milimita 1 na ushei, mita 300. Kwanza unanyooka, robo ya urefu wake ukiuvuta kwa nguvu, kwa hiyo samaki mzito anaekula polepole humsikii kabisa mkononi. Pili, maji yakiuinamisha nyuzi 45, hizo mita 300 zimefika kina cha mita 212 tu. Ukilala nyuzi 60 kutoka wima, uko mita 150. Na mkondo ule maji yanakwenda kaskazini mwaka mzima, wakati wa kusi ndio yanakimbia zaidi. Mvuvi anasema "nimeshusha pima 150" na kweli kashusha, lakini chubwi, ule uzito wa mshipi, liko nyuma ya chombo, haliko chini yake.

#4 Mla Urojo
Nimesoma hesabu zote hizo nimeona njaa tu. Endeleeni.

#5 Fundi Jarife
Maleleji, hapo umemsahau mvuvi. Nyuzi 45 ni kwa chombo kilichotia nanga. Ukiacha chombo kiende na maji, mshipi unasimama karibu wima, kwa sababu chombo na mshipi vinabebwa pamoja. Kinachokupinda hapo ni upepo, na tofauti ya kasi baina ya maji ya juu na ya chini. Kusi upepo na maji vinakwenda upande mmoja, chombo kinakimbia kuliko maji, mshipi unalala nyuma. Kaskazi upepo unapingana na maji, bahari inasimama vichwa vifupi vikali, hapo hata kukaa ni kazi.

Sasa jarife. Watu wanalitaja kama ni wavu mmoja unaotupa popote. Jarife la papa ni la uzi mnene, macho makubwa, juu maboya, chini mawe au risasi. Boya ndilo linaloamua. Vipande vya ndara na maboya ya povu vinafanya kazi vizuri mita 10 au 20. Ukivishusha mita 100 vinabanwa na mgandamizo wa mara 11 ya ule wa juu, vinasinyaa, havielei tena, na wavu unalala chini kama shuka. Ukishalala unavua mawe. Kwa hiyo anaetega chini sana anahitaji boya gumu, na boya gumu la kina ni ghali.

Juu ya hilo weka ukuta wa Pemba. Jarife linataka mahali pa kukaa: tambarare, au mteremko wa pole. Ukilitega kwenye ukuta, ncha moja inashika mwamba mita 60 na nyengine inaning'inia mita 200, maji yanalivimbisha, kamba ya juu inakatika kwenye meno ya mwamba. Asubuhi unavuta nusu ya wavu. Hakuna tajiri wa chombo atakaekubali hasara hiyo mara ya pili. Kwa hiyo Chubwi yuko sawa kuwa jarife halipo, lakini sababu yake ni umbo la chini, si uvivu wa Wapemba.

#6 Chubwi Zito
Nani kasema uvivu? Soma tena #1 yakhe.

#7 Ras Kigomasha
Ramani ya GEBCO, ile ya kina cha bahari zote duniani, iko wazi kwa kila mtu. Nimeitazama upande wa magharibi wa Pemba: mteremko laini tu, hakuna mapango. Silikanti mchana anataka pango. Hakuna pango, hakuna silikanti. Mjadala umekwisha.

#8 Pima Mia
Haujaanza. Gridi ya GEBCO ni sekunde 15 za tao, maana yake kisanduku kimoja ni kama mita 450 kwa mita 450. Pango la silikanti mdomo wake ni mita chache. Na sehemu kubwa ya visanduku hivyo havikupimwa kwa meli, vimekisiwa kutokana na setilaiti na vipimo vilivyo mbali. Ukuta mzima wa kisiwa cha Misali unaweza kumezwa na visanduku viwili na ukaonekana mteremko wa kutembeza baiskeli.

Hata fishfainda ya boti, kile kipima kina kwa mwangwi, inadanganya hapo. Ile ya kilohezi 200 inaona vizuri maji ya juu lakini inachoka mapema. Ya kilohezi 50 inafika mbali zaidi, ila mwale wake ni mpana. Kwa mwale wa nyuzi 40, ukiwa juu ya mita 200 unapiga duara la mita 145 chini. Kwenye ukuta, mwangwi wa kwanza kurudi unatoka ubavuni kwa ukuta ulio karibu, si chini ya keli. Namba inasoma 140, wewe uko juu ya 200. Ukipita mara kwa mara unapata mteremko mzuri ambao haupo. Mapango hayaonekani kabisa kwa njia hiyo. Dawa yake ni sona ya miale mingi, au kamera.

#9 Ras Kigomasha
Sawa, basi tuseme hatujui kama yapo. Lakini Tanga tunajua.

#10 Mwana wa Nungwi
Naona watu wanazungumza kama visiwa vyote havina rekodi. Julai 2007 Nungwi walinasa mmoja, urefu mita 1.34, kilo 27, na wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari walikwenda kumtambua. Nungwi iko ncha ya kaskazini ya Unguja, pale maji ya kina kifupi yanapokatika na mdomo wa kusini wa Mkondo wa Pemba unaanza. Kwa hiyo ndani ya mkondo huu kuna rekodi magharibi na kuna rekodi kusini. Kilichobaki kitupu ni ukuta wa mashariki ya mkondo peke yake, yaani huo wa Pemba.

#11 Chubwi Zito
Shukran. Hii inanipa nguvu.

#12 Daktari wa Samaki
Inakupa nguvu, ila kuna kitu kinaivuta upande mwengine. 2011 ulitoka utafiti wa vinasaba uliolinganisha silikanti wa kaskazini mwa Tanzania na wale wa kusini na Komoro. Kundi la Tanga lilionekana ni la peke yake, limejitenga miaka isiyopungua 200,000. Si watoto wa Komoro waliopotezwa na maji juzi. Kundi dogo lililokaa mahali pamoja muda wote huo linaonyesha samaki asiependa kuhama. Kama hakuvuka maelfu ya miaka kwenda kuchanganyika na wa kusini, kwa nini lazima avuke kilomita 50 juu ya shimo la mita 800 kuja Pemba? Silikanti si jodari. Anajongea, anaelea na maji kichwa chini, anarudi pangoni kwake.

#13 Binti Wete
Lakini huyo huyo anashuka usiku kutafuta chakula, Komoro wamefuatwa mpaka karibu mita 700. Mita 800 si ukuta kwake.

#14 Daktari wa Samaki
Kushuka ubavuni mwa mwamba na kurudi ni jambo moja. Kuvuka tope tupu kilomita nyingi bila pa kujificha ni jambo jengine.

#15 Mla Urojo
Zama za barafu bahari ilishuka mita 120 na Pemba ikaungana na bara. Si angetembea kando ya pwani hiyo akafika?

#16 Pima Mia
Iliyoungana na bara ni Unguja, mkondo wake una kina cha makumi ya mita tu. Ukiondoa mita 120 kwenye mita 800 bado una bahari. Pemba ilibaki kisiwa, na ndiyo maana ina vyake, kama popo wake, Pteropus voeltzkowi, asiepatikana kwengine duniani.

Lakini swali la Mla Urojo lina faida asiyoikusudia. Bahari ilipokaa chini kiasi cha miaka 20,000 iliyopita, mawimbi yalikata mwamba wa chokaa usawa ule kama yanavyokata leo miamba ya Kizimkazi, ule uvungu unaouona maji yakitoka. Uvungu huo sasa uko kwenye mita 100 na zaidi. Wale wa Sodwana, Afrika Kusini, walioonekana na wazamiaji 2000, walikuwa mita 104. Majarife ya Tanga nayo yanavua baina ya mita 50 na 150. Kama nyumba za silikanti ni uvungu wa pwani ya zamani, Pemba nayo ina chokaa na ilikatwa na bahari ileile.

#17 Maleleji
Hoja ya uvungu nzuri, ila Komoro ni volkano, na kule wanakaa chini zaidi, mita 180 mpaka 250 mchana. Mimi naona jambo ni baridi. Damu yake inabeba oksijeni vizuri kwenye digrii 15 mpaka 20 hivi. Maji ya juu hapa ni 25 mpaka 30. Anakaa pale penye ubaridi wake, pango ni la ziada. Mahali ambapo maji ya baridi yanapanda ubavuni, na yeye anapanda, anaingia kwenye kina cha jarife. Yasipopanda anabaki chini, hamna wavu unaomfikia. Kwa hiyo inawezekana Pemba wapo, lakini wote wako chini ya mita 180, na Tanga wanapandishwa na baridi.

#18 Fundi Jarife
Una vipimo vya joto vya ukuta wa Pemba mita 150?

#19 Maleleji
Wewe una vya kunikanusha?

#20 Mla Urojo
Popcorn jamani.

#21 Mwana wa Nungwi
Mnasahau sababu iliyo rahisi kuliko zote: haliwi. Nyama yake ina mafuta na urea, inaharisha. Mvuvi akipandisha kitu kisichouzika mnadani, anakitupa au anakikata chambo. Rangi nayo inasaidia kumpoteza: akitoka majini ni buluu ya chuma na madoa meupe, akifa anakuwa kahawia, mtu anasema chewa mbovu. Tanga walianza kuripoti kwa sababu kulikuwa na watu wanaouliza. Kule 2003 alipopatikana wa kwanza wa Tanzania, Songo Mnara karibu na Kilwa, ndipo masikio yalipofunguka. Pasipokuwa na anaeuliza hapana taarifa.

Alama za kumtambua, kwa mwenye simu kwenye chombo: mapezi ya chini yana shina la nyama kama mkono mfupi, na mkia una pande tatu, ule wa katikati ni kishungi kidogo kinachochomoza. Chewa hana hivyo viwili. Piga picha ubavu wote wa kushoto na wa kulia. Madoa meupe hayafanani baina ya samaki na samaki, na ndiyo njia aliyotumia mtafiti Mjerumani Hans Fricke kuwahesabu Komoro kutoka ndani ya nyambizi.

#22 Ras Kigomasha
Hakuna Mkojani atakaepandisha kilo 60 za samaki asiemjua halafu habari isifike Chake kabla ya chombo. Hii ya "walitupa kimya kimya" siikubali.

#23 Mwana wa Nungwi
Wa Nungwi alikuwa kilo 27, si 60.

#24 Daktari wa Samaki
Ongezeni na hii: Tanga mabomu ya kuvulia yaliharibu miamba ya juu, wavuvi wakasukumwa kushuka. Kwa hiyo idadi ya Tanga inaweza kuwa inapima shida ya wavuvi kuliko wingi wa silikanti. Wengine wanasema meli za kukokota nyavu ziliwatimua silikanti mapangoni mwao. Hiyo ya pili sioni ushahidi, meli ya kukokota haipiti kwenye mawe. Hata meli ya utafiti Dr Fridtjof Nansen ilipokuja 2018, wavu wa kukokota unafuata chini laini, na ukuta kama wa Pemba unaachwa.

#25 Chubwi Zito
Tumefika hesabu ya nadharia sita na hamna aliyetazama. Nani anajua kutengeneza kamera ya kushusha mita 300 bila milioni za wazungu?

#26 Pima Mia
Inawezekana, ila sahau bomba la maji. PVC ya inchi 4 daraja la 10 imepimwa kwa maji yanayosukuma kutoka ndani. Yakisukuma kutoka nje, kwa hesabu linabonyea karibu na mita 90, na likiwa limeliwa na jua au si duara kamili, mapema zaidi. Vikasha vya kawaida vya kamera ndogo za michezo mwisho wake mita 60.

Tumia bomba la alumini, kipenyo cha ndani milimita 80, unene milimita 8. Kwa mita 300 hilo halina wasiwasi. Tatizo ni dirisha. Kioo cha akriliki chenye mwanya wa sentimita 6 kinabeba karibu kilo 860 kwenye kina hicho. Akriliki ya milimita 10 itakupa akiba ya mara mbili tu, na mkwaruzo mmoja unaimaliza. Weka milimita 20, akiba inafika mara nane hivi. Kikae bapa juu ya ukingo uliosagwa laini. Usikitoboe kupitisha skrubu, ufa unaanzia kwenye tundu. Kibane kwa pete kutoka nje.

Mfuniko uwe na oringi (pete za mpira) mbili, grisi ya silikoni nyembamba, ya kung'arisha tu. Watu wanafikiri maji yanaingia chini kabisa. Mara nyingi yanaingia mita 5 za mwanzo, kwa sababu oringi bado haijabanwa. Unywele mmoja au chembe ya mchanga inatosha. Kwa hiyo mara ya kwanza shusha kasha tupu lenye karatasi ya tishu ndani, dakika 30 chini, lipandishe. Tishu ikiwa kavu ndipo utie kamera. Usisahau vifuko vya silika: ndani umefunga hewa ya joto na unyevu ya Wesha, chini kuna digrii 15, kioo kitafuka ukungu utoke na video ya maziwa.

#27 Binti Wete
Taa?

#28 Pima Mia
Iwe nusu mita na zaidi kutoka kwenye lenzi, na iangaze kwa pembeni. Ikikaa karibu utapiga picha ya chembe za maji tu. Nyekundu haiwashtui samaki wa kina, lakini maji yanaimeza, utaona mita mbili hivi. Nyeupe inaona mbali na inawafukuza. Chagua balaa lako.

#29 Fundi Jarife
Na kamera usiipe kamba ya nailoni mwisho wa chini. Nailoni inazama, inajizungusha kwenye jiwe. Makumi ya mita za mwisho ziwe kamba ya plastiki inayoelea. Uzito wa chini uwe mfuko wa mchanga kilo 15 uliofungwa kwa uzi dhaifu kuliko kamba kuu. Mfuko ukinasa, uzi unakatika, kamera inarudi. Boya la povu chini usiweke, nimeshasema vinasinyaa. Chupa za soda ndiyo usiseme, zinabaki karatasi. Urefu wa kamba jumla mara moja na nusu ya kina.

Siku: maji mafu, mwezi ukiwa nusu, pale maji yanaposimama baina ya kujaa na kupwa. Bamvua usijaribu. Msimu: maleleji, kusi ikiwa imekufa na kaskazi haijaamka.

#30 Daktari wa Samaki
Na kama badala ya picha akaja mwenyewe kwenye ndoana: yuko CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini) Kiambatisho cha Kwanza, si wa kuuza wala kusafirisha. Utafiti wa magamba wa 2021 uliona anaweza kuishi karibu miaka 100, mimba miaka mitano. Mmoja anaekufa si sawa na changu mmoja.

Tofauti na chewa, tumbo lake halitoki mdomoni akipanda, kwa sababu kibofu chake kimejaa mafuta, si hewa. Kwa hiyo usimtoboe. Kinachomuua ni joto na kukosa oksijeni. Usimweke kwenye beseni apigwe picha. Mrejeshe haraka: ndoana isiyo na ule mwiba wa kuzuia kwenye taya ya chini, uzito kilo kadhaa, mshushe mpaka chini ya mita 150, vuta ghafla aachie. Akishakufa: barafu, pima urefu, chukua magamba machache na kipande cha msuli kama punje ya kunde, tia kwenye ethanoli ya asilimia 95, ethanoli iwe mara kumi ya nyama. Fomalini usiiweke kwenye kipande hicho, inaharibu vinasaba. Spiriti ya duka la dawa mara nyingi ni asilimia 70, ni ya dharura tu.

#31 Mla Urojo
Na gongo?

#32 Daktari wa Samaki
Haifiki nguvu. Na utajitafutia kesi mbili kwa mpigo.

#33 Ras Kigomasha
Kamera nitaiamini. Mashusho kumi kwenye ukuta, mchana, ikitazama ndani ya uvungu mita 100 mpaka 200, pasionekane kitu, nitasema Daktari kashinda.

#34 Binti Wete
Kumi hayatoshi. Kamera inaona mita mbili, ukuta una kilomita 60 na zaidi. Kutoona si kutokuwepo.

#35 Maleleji
Tieni na kipimo cha joto basi, bei yake ndogo kuliko ubishi wenu. Kifungwe nje ya kasha, si ndani, ndani kitapima joto la betri.

#36 Fundi Jarife
Mwanzo nendeni magharibi ya Misali, ukuta uko karibu na kuna pa kujikinga upepo ukigeuka. Kigomasha maji yanakata vibaya kwa mtu asiepazoea. Misali imo ndani ya PECCA, eneo la hifadhi la Mkondo wa Pemba, kwa hiyo kibali kwanza. Na beba kamba mbili, ya kwanza mtaiacha chini.